Nani Anamlisha Kibarua Msimu Ukiisha?

Kila inapozungumzwa habari ya kilimo cha kisasa, macho huenda kwenye trekta, kombaini, mbegu bora na skimu za umwagiliaji. Mtu anayekuja na panga lake mwezi wa sita na kuondoka mwezi wa pili hatajwi, au hutajwa kama gharama inayongoja kupunguzwa. Nataka kumweka yeye mbele. Tumezoea kusema mashine humkuta kibarua shambani ikamfukuza, na kweli humfukuza, lakini kabla ya hapo ilimleta. Katika Afrika Mashariki, kilimo cha kisasa ndicho kilichotaka maelfu ya watu kwa muda, kikawarudisha kwao muda ulipokwisha, na tangu siku hiyo swali zito la kazi hii limekuwa moja: miezi ambayo shamba halimhitaji, nani anamlisha yeye na wanawe? Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita jibu lilikuwa kijiji chake. Sasa kijiji kimeelemewa, na hapo ndipo ujio wa mashine mpya unapouma.

Mkonge unalionyesha jambo hili kuliko zao jingine lolote. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyonusurika ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo mashamba yalienea Tanga, Muheza, Korogwe, Morogoro hadi Lindi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka, ya kwanza duniani kwa zao hilo. Kila shamba kubwa lilikuwa na korona, mtambo wa kusaga majani na kutoa nyuzi. Jani la mkonge likishakatwa halingoji, na katika kila kilo 100 za majani nyuzi ni kilo nne hivi. Mwenye shamba aliyetumia fedha nyingi kununua korona alilazimika kuilisha shehena za majani kila siku ili imlipe. Lakini majani hayo yalikatwa kwa kisu, jani moja moja, yakahesabiwa na kufungwa matita. Kwa hiyo mtambo wa kisasa wa zama zake ndio uliodai mikono mingi kuliko kazi nyingine yoyote nchini: katika miaka ya 1950 mashamba ya mkonge yaliajiri zaidi ya watu 100,000.

Watu hao walitoka mbali. Manamba, kama vibarua hao wa mikataba walivyoitwa, walisombwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe na Rungwe. Wengine walivuka mipaka kutoka Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kukusanya watu, SILABU, iliyowasafirisha kwa malori na treni hadi kambini. Kumbuka kwamba mkonge hukatwa mwaka mzima. Zao lenyewe halikuwa na msimu wa kumfanya mkataji awe wa muda. Kumfanya awe wa muda ulikuwa uamuzi wa waajiri na wa serikali ya kikoloni. Mshahara ulipimwa kwa tumbo la mwanamume mmoja, pamoja na posho ya unga na maharage, kwa hesabu kwamba mke na watoto wako Buha au Ungoni wanakula walichopanda. Mtu akiugua, akizeeka, au mkataba ukimalizika, anarudishwa huko huko. Shamba la mke lilikuwa linachangia faida ya shamba la mkonge bila kuandikwa kwenye daftari lolote. Issa Shivji na wasomi wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliufafanua mpango huu vizuri tangu miaka ya 1970 na 1980, nami naona bado ndio ufunguo wa kuielewa kazi ya msimu ya leo.

Tazama pia kilichotokea mpango huo ulipovunjwa. Baada ya Uhuru kima cha chini cha mshahara kilipandishwa, na wafanyakazi wakadai mshahara wa kumtosha mtu na familia yake. Lilikuwa dai la haki. Waajiri walijibu kwa kuongeza kazi ya siku, kuachana na wasafiri wa mikataba na kubaki na watu wachache wa kudumu. SILABU ikafungwa. Hapo hapo kamba za plastiki zikaanza kuua bei ya mkonge duniani, na mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa yakiwa tayari yanayumba. Maelfu ya manamba hawakurudi kwao. Walikuwa wamekwishaoa, wamekwishazika, wamepata vipande vya ardhi pembezoni mwa mashamba. Ndiyo maana ukipita Korogwe au Muheza leo utakuta Waha, Wabena, Wanyamwezi na Wamakonde ambao babu zao walifika kwa treni ya mkataba.

Hofu ya Mwalimu Nyerere katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967 ilihusu kazi hii hii ya kibarua ikiwa imehamia kijijini: wakulima wachache wenye uwezo wanapanua mashamba na kuwaajiri jirani zao. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Huko Ismani, mkoani Iringa, trekta zilikuwa zimefungua mashamba makubwa ya mahindi katika miaka ya 1950 na 1960, na wenye mashamba hayo walitegemea vibarua wa palizi na mavuno. Serikali ilipokwenda kuyageuza kuwa ya kijiji, mvutano uliishia kwenye damu: siku ya Krismasi mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi. Tukio hilo hukumbukwa kama kisa cha ukaidi au cha ubabe, kutegemea nani anasimulia. Vibarua wa Ismani, ambao kuajiriwa kwao ndiko kulikokuwa kiini cha hoja ya kisiasa, hawana jina katika kisa hicho.

Ismani inatufundisha pia namna trekta inavyofanya kazi yake halisi. Trekta hulima, haipalilii, haivuni. Mkulima aliyekuwa na ekari tatu za jembe la mkono akipata trekta ya kukodi analima kumi na tano, na wiki nne baadaye anasimama mbele ya magugu ya ekari kumi na tano. Kulima kumekuwa kwepesi na palizi imekuwa mlima, kwa hiyo anatafuta vibarua. Hivyo awamu ya kwanza ya zana za kisasa huongeza kazi ya msimu. Wanasiasa wanaoahidi kwamba trekta zitaleta ajira vijijini hawasemi uongo, ila wanaeleza nusu ya safari.

Nusu ya pili ya safari ilipita kimya. Tangu kaulimbiu ya Kilimo Kwanza mwaka 2009 tulihesabu pawatila na trekta zilizoshushwa bandarini, tukajadili zilizoharibika na zilizoishia kubeba matofali. Wakati huo huo chombo kilichopunguza kazi ya vibarua vijijini kuliko vyote kilikuwa kikiuzwa dukani bila hotuba: chupa ya dawa ya kuua magugu. Kijana mmoja mwenye bomba mgongoni hupuliza kwa asubuhi moja eneo ambalo wanawake kadhaa wangepalilia kwa siku nyingi. Palizi ndiyo kazi iliyompa mama wa kijijini fedha taslimu katika miezi ya njaa, Januari hadi Machi, kabla mahindi yake mwenyewe hayajakomaa. Alipokea ujira wa ngwe, akanunua unga. Hakuna aliyeandika kwamba kazi hiyo inapungua, kwa sababu haikuwahi kuandikwa kwamba ipo. Simlaumu mkulima anayenunua dawa. Hesabu zake ni ngumu na vibarua mara nyingi hawapatikani siku anayowahitaji. Lakini sera ya kilimo isiyojua nani alikuwa akila kwa palizi haiwezi kudai kwamba inajua umaskini wa kijijini.

Katika mpunga badiliko linaonekana kwa macho. Mbarali kwa upande wa Tanzania na Mwea kwa upande wa Kenya, mavuno yalikuwa ya mundu, na mpunga ulipigwa kwenye maturubai. Kombaini ndogo za kutembea kwenye tope zimeingia na kuzibeba hatua zote hizo kwa pamoja: kukata, kupiga, kupepeta. Mkulima anapenda kwa sababu mpunga haupukutiki shambani na hukusanywa haraka kabla ya mvua na ndege. Kupandikiza miche kumebaki kwa mikono, kwa hiyo kibarua bado anahitajika mwanzoni mwa msimu na hahitajiki mwishoni. Msimu wake umekatwa katikati, na malipo aliyokuwa akiyategemea zaidi, yale ya mavuno ambapo wengine walilipwa kwa debe la mpunga wenyewe, ndiyo yaliyoondoka. Ukibaki na ujira wa shilingi badala ya debe, bei ya chakula ikipanda unaumia wewe.

Zao ambalo ningependa kila mtunga sera alichunguze ni miwa. Kilombero, mkoani Morogoro, kiwanda husaga tangu kiangazi kinapoanza, kama Juni, na husimama masika yanapokaribia, kwa sababu magari hayawezi kuingia shambani na sukari katika muwa hupungua. Hapa msimu ni wa kweli, umewekwa na mvua. Wakata miwa hutoka Njombe, Mbeya, Songea, Dodoma na kwingineko. Shamba huchomwa moto kwanza ili majani makavu na nyoka viondoke, kisha mkataji anaingia kwenye masizi na panga, anakata chini kabisa karibu na ardhi maana sukari nyingi iko huko, anatupa kilele, anapanga marundo. Hulipwa kwa kazi aliyoimaliza. Jua, masizi na uzito huo vinamtaka mtu kijana, na mtu huyo hazeeki vizuri.

Lakini mwajiri wake ni nani? Sehemu kubwa ya miwa inayosagwa huko inalimwa na wakulima wa nje, watu wenye ekari mbili, tano, kumi, waliojiunga katika vyama vya ushirika. Mara nyingi kikundi au mkandarasi ndiye anayekusanya wakataji, chama kinapanga zamu ya kuvuna, kiwanda kinapokea na kupima, na gharama ya ukataji inakatwa kwenye malipo ya mkulima. Mkataji akijikata mguu, kila mmoja katika mnyororo huo anaweza kumwonyesha mwenzake. Mkulima mwenyewe ni maskini kiasi kwamba kumwita mwajiri kunaonekana kama mzaha. Mkandarasi hana ofisi. Kiwanda kinasema hakikumwajiri. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umekuwepo tangu 2015, nao hulipa kwa mfanyakazi ambaye mwajiri wake anajulikana. Kilimo cha mkataba kimesifiwa kwa kumpa mkulima mdogo soko, na sifa hiyo ni halali. Kimempa pia jukumu la uajiri ambalo hawezi kulibeba.

Tumbaku ya Urambo na Kaliua ina sura yake. Huko vibarua kutoka Kigoma na Burundi huchukuliwa kwa msimu mzima, wakila na kulala kwa mkulima, na hulipwa tumbaku ikishauzwa. Katika mpango huo anayemkopesha mkulima ni kibarua, kwa miezi kadhaa, bila riba na bila hati. Bei ikianguka, au mkulima akikatwa deni lote la pembejeo, anayekosa wa kwanza ni yule asiye na karatasi. Asiye na uraia hana hata mahali pa kwenda kushtaki.

Sheria zetu zimejaribu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtambua mfanyakazi wa msimu na kumpa haki ya likizo yenye malipo, jambo ambalo waajiri wengi hulipuuza. Hata hivyo ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali humfikia tu aliyefanya kazi miezi sita na zaidi kwa mwajiri mmoja, na malipo ya kiinua mgongo yanataka miezi 12 mfululizo. Mkata miwa wa miezi minane anavuka kizingiti cha kwanza na kukwama kwenye cha pili, hata akirudi misimu kumi na mitano. Mpalilia wa miezi miwili havuki chochote. Kenya, kupitia Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, imechagua njia nyingine: kibarua wa kutwa aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi au zaidi anahesabiwa kuwa yuko kwenye mkataba wa kulipwa kwa mwezi. Ni kifungu kizuri, na kimefanya baadhi ya wasimamizi wawapumzishe watu kwa siku chache kabla mwezi haujatimia.

Udhaifu mkubwa wa sheria zote mbili unaonekana mashine inapofika. Kumpunguza mfanyakazi wa kudumu kunadai taarifa, mashauriano na malipo. Kibarua wa msimu hapunguzwi. Haitwi tu mwaka unaofuata. Kampuni inaweza kuondoa watu elfu moja bila kumwachisha kazi hata mmoja.

Kericho, nchini Kenya, ndiko jambo hili lilikolipuka. Makampuni makubwa ya chai yalianza kuingiza mashine za kuchuma katika miaka ya 2000, na chama cha wafanyakazi wa mashambani, KPAWU, kikagoma na kwenda mahakamani mara kadhaa. Kikosi kazi cha kaunti kiliripoti mwaka 2023 kwamba ajira 30,000 zilipotea kwa mashine katika mwongo mmoja. Mei mwaka huo waandamanaji walichoma mashine na kupambana na polisi, na uhai ukapotea. Makampuni yalijitetea kwa hesabu za kweli: gharama za uchumaji, bei ya mnadani Mombasa, ushindani. Wachumaji nao walikuwa na hesabu zao: mashine moja inafanya kazi ya makumi ya watu, na waendeshaji wengi ni wanaume katika kazi iliyokuwa ya wanawake wengi.

Miezi mitatu kabla ya moto huo, BBC ilikuwa imetangaza uchunguzi wake kuhusu wanawake waliolazimishwa ngono na wasimamizi katika mashamba ya Kericho ili wapate au walinde kazi. Mambo haya mawili huzungumzwa kila moja peke yake, nami naamini yana mzizi mmoja. Mkataba mfupi unampa msimamizi mamlaka ya kuamua nani anarudi. Kadiri nafasi zinavyopungua, ndivyo sahihi yake inavyokuwa na thamani zaidi, na ndivyo anavyoweza kudai zaidi kwa mwanamke aliye na watoto wa kulisha. Mashine inayopunguza nafasi bila kubadili namna ya kuwaita watu kazini inaongeza unyonge wa waliobaki.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuzuia mashine. Siwezi kukubaliana nao. Ukataji wa miwa iliyochomwa ni kazi inayovunja mgongo, na sitamtakia kijana wa Songea aifanye miaka ishirini. Wala hakuna nchi iliyofaulu kuzizuia muda mrefu. California ilipoacha kuleta vibarua wa Mexico kwa mikataba ya Bracero mwishoni mwa 1964, mashine ya kuvuna nyanya iliyobuniwa na wataalamu wa chuo kikuu cha umma, pamoja na aina ya nyanya iliyozalishwa ili istahimili mashine hiyo, ilienea katika nyanya za kiwandani kwa miaka michache tu. Baadaye, mwaka 1979, watetezi wa wafanyakazi wa mashambani walikishtaki chuo hicho, wakihoji kwa nini fedha ya umma ilitumika kuwanufaisha wenye mashamba makubwa pekee. Hoja yao ingefaa kuulizwa hapa kila serikali inaposamehe ushuru wa zana za kilimo.

Brazili inatupa mfano wa karibu zaidi na Kilombero. Jimbo la São Paulo lilifikia makubaliano na viwanda vya sukari mwaka 2007 kukomesha uchomaji wa miwa: 2014 kwa ardhi tambarare, 2017 kwa miinuko. Bila kuchoma, kukata kwa mkono hakulipi, kwa hiyo kila mtu alijua kwamba kombaini zinakuja na lini zinakuja. Wakataji wengi bado waliumia, hasa waliotoka majimbo maskini ya kaskazini mashariki ambao mafunzo ya udereva na ufundi hayakuwafikia. Lakini tarehe ilijulikana miaka saba kabla. Kericho hakuna aliyepewa tarehe.

Na yapo mazao ambayo mashine haitayagusa karibuni. Karafuu ya Pemba na Unguja inapaswa kuchumwa kabla ua halijafunguka, juu mtini, kikonyo kwa kikonyo, na mavuno yake hayana utulivu: mwaka mmoja yanafurika, mwingine hakuna. Wachumaji huanguka, wengine hufa, wengine hupooza. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, limekuwa likiwalipa fidia walioanguka mikarafuu. Fidia yenyewe haiwezi kumrudishia mtu uti wa mgongo wake. Ninachokithamini ni msingi wake: inalipwa kwa sababu zao linauzwa kupitia mlango mmoja, na mlango huo umekubali kwamba aliyekwea mti anauhusu, hata kama aliyempandisha ni mwenye shamba mdogo asiye na uwezo.

Msingi huo unaweza kuhamishwa. Miwa nayo hupita mlango mmoja, wa kiwanda, na mzani wa kiwanda unaweza kukata senti chache kwa kila tani kwa ajili ya bima na akiba ya mkataji, bila kujali nani alimwita. Orodha ya wakataji ikiwekwa chamani badala ya kubaki kichwani mwa mkandarasi, aliyefanya kazi msimu uliopita anakuwa wa kwanza kuitwa, na hakuna msimamizi wa kumpigia magoti. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, inaweza kufuata namba ya mtu kutoka Kilombero hadi Mbarali hadi shamba la maua la Arusha, ikajumlishwa misimu yake yote kama utumishi mmoja. Na kampuni inayotaka kuleta mashine itoe taarifa ya miaka, iihesabu misimu kama inavyohesabu miaka ya wa kudumu, na ianze kuwafundisha kuendesha mashine wale wale waliokuwa wakifanya kazi hiyo kwa mikono, wanawake wakiwa mbele.

Gharama ya haya itamfikia mlaji wa sukari na mnywaji wa chai, na ni haki imfikie, kwa sababu hadi sasa inalipwa na mama aliyeko Kasulu au Mbinga mwenye ekari moja ya kugawa kwa watoto sita. Ardhi ya kijiji iliyokuwa ikimpokea manamba aliyechoka haipo tena kwa ukubwa ule. TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani cha Tanzania, KPAWU ya Kenya, vyama vya ushirika na wabunge wa majimbo ya miwa, chai na mpunga wana nafasi ya kulifikisha jambo hili mezani kabla kombaini hazijaenea. Nawaomba waanze na orodha ya majina.